Anza ukurasa wa nyuma: kutumia majarida ya magari ya kabla ya vita hapa Lubumbashi

Mwaka 2009 niliharibu bloku (mwili wa injini) ya Morris Eight, gari la marehemu mjomba wangu, kwa mikono yangu mwenyewe. Jibu ambalo lingenizuia lilikuwa chini ya kitanda changu, ndani ya kantini, yaani sanduku la chuma, katika jarida nililokuwa nimelifungua mara nyingi kwa ajili ya picha tu.

Mimi ni mkereza vyuma. Kwetu Lubumbashi tunasema turneri. Stadi moja (bolti isiyo na kichwa) inayoshika manifoldi ilikuwa imekatika. Nikaitoa, nikaipima kwa vernia: milimita 7.9 na ushee. Nikajiambia, hili ni gari la Kiingereza, na spana ya Whitworth, kipimo cha Kiingereza, inaingia sawasawa kwenye nati yake, basi hii ni inchi 5/16, yaani milimita 7.94. Nikakereza stadi mpya yenye meno 22 kwa inchi, kama zilivyo thredi nyembamba za Waingereza. Mizunguko miwili iliingia kwa vidole. Wa tatu ukawa mzito, nami nikaongeza nguvu. Thredi ya bloku ikatoka kama unga.

Injini ile ina thredi za Kifaransa. Mwaka 1923 William Morris alinunua kiwanda cha Hotchkiss mjini Coventry. Hotchkiss ilikuwa kampuni ya Ufaransa iliyopeleka mashine zake Uingereza wakati wa vita vya kwanza vya dunia, na mashine hizo zilikata thredi za metriki. Morris hakuzitupa. Alichofanya ni kutengeneza nati na vichwa vya bolti kwa vipimo vya Whitworth, ili mwenye gari atumie spana alizokuwa nazo nyumbani. Kwa hiyo stadi yangu ilikuwa ya milimita 8, hatua (nafasi kati ya jino na jino) ya milimita 1, na mimi nilikuwa nimekata hatua ya 1.15. Haya yote yameelezwa na msomaji mmoja katika barua fupi, ukurasa wa mwisho kabisa, chini ya tangazo la matairi.

Tangu siku hiyo naliona jarida la magari ya kale kama vernia yangu: ni kifaa cha kazi, na kina namna yake ya kushikwa. Nawaandikia ndugu zangu waliorithi gari la zamani uani, na wale waliorithi majarida bila gari, maana nao wapo.

Kwanza, ujue jarida lako ni la wakati gani

Yako ya aina mbili, na usiyachanganye kwenye rafu moja. Yapo yaliyochapwa gari likiwa jipya dukani: The Autocar, lililoanza Novemba 1895, La Vie Automobile la Paris, 1901, The Motor, 1903, Omnia, 1906. Halafu yapo yanayochapwa siku hizi kuhusu magari yale: The Automobile la Uingereza, tangu 1982, La Vie de l'Auto na Gazoline ya Ufaransa, Hemmings la Marekani, tangu 1954, ambalo sehemu yake kubwa ni matangazo ya kuuza na kununua. Motor Sport ni la pekee. Lilianza 1924 na lipo hadi leo, na mhariri wake Bill Boddy alishika kazi hiyo kuanzia 1936 hadi 1991, kwa hiyo sauti ileile ilisimulia magari yakiwa mapya na ikaendelea kuyasimulia yalipozeeka.

Kwenye kantini za Katanga utakuta Kifaransa na Kiingereza vimelala pamoja. Sababu ni njia ambazo magari yalipitia. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, na magari ya Kiingereza yalipanda kwa upande huo wa Rhodesia, usukani ukiwa kulia. Mengine yalikuja kwa Wabelgiji kupitia Antwerp, ambako Ford na General Motors walikuwa na viwanda vya kuunganisha magari ya Kimarekani. Kabla ya kuamini jarida lolote, soma kibati kilichopigiliwa kwenye ukuta wa injini. Ford iliyounganishwa Ubelgiji na Ford ya Detroit zinaweza kutofautiana katika taa, nyaya na vipuri vidogo, na jarida la Marekani litakueleza habari za ile ya Detroit peke yake.

Ujue pia maneno yao ya umri. Kwa Waingereza, veterani ni gari la hadi mwisho wa 1904, na ndiyo maana msafara wa London hadi Brighton hupokea magari ya kabla ya 1905 tu. Kuanzia 1905 hadi 1918 wanasema edwardi. Vinteji ni 1919 hadi 1930, mpaka uliowekwa na klabu yao iliyoundwa mwaka 1934. Baada ya hapo, hadi vita vya pili vya dunia, klabu hiyo huchagua: si kila gari la miaka hiyo hukubaliwa. Marekani wana hesabu nyingine. Kwa hiyo ukiona neno vinteji kwenye tangazo, tafuta mwaka wenyewe.

Soma kutoka nyuma kwenda mbele

Hadithi ya mbele yenye picha za rangi iache iwe ya mwisho. Anza na barua za wasomaji. Hapo ndipo mtu aliyetengeneza gari lake kwa miaka 20 anamsahihisha mhariri, na mwezi unaofuata mwingine anamsahihisha yeye. Soma matoleo matatu mfululizo kabla ya kuchukua jibu, kwa sababu barua ya kwanza mara nyingi ndiyo yenye kosa.

Kisha matangazo madogo. Hata kama huna senti ya kununua, muuzaji anakufundisha jina sahihi la kipuri, na akiandika kwamba kipuri kimoja kinaingia kwenye magari mawili, umepata mlango wa pili wa kutafutia. Halafu matangazo makubwa ya zamani, ya plagi, mafuta, matairi na kabureta. Kampuni za plagi zilikuwa zikichapa orodha za gari kwa gari. Orodha kama hiyo imewahi kunisaidia kuliko makala yenye kurasa sita.

Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya matoleo yaliyotawanyika na kitabu kizuri cha ngozi kilichoshona mwaka mzima pamoja, chukua yaliyotawanyika. Washonaji wa vitabu walizoea kutupa majalada na kurasa za matangazo ili kitabu kisiwe kinene. Walitupa nusu ya elimu. Angalia pia michoro mikubwa iliyokunjwa katikati. Mara nyingi imechanwa ikabandikwa ukutani mwa mtu.

Baada ya matangazo, nenda kwenye michoro ya injini iliyokatwa kuonyesha ndani, halafu majaribio ya barabarani. Picha zipime kwa tarehe. Picha ya 1936 ni ushahidi wa jinsi gari lilivyotoka kiwandani. Picha ya gari lililotengenezwa upya ni ushahidi wa jinsi fundi mmoja alivyoona inafaa. Nimewahi kuona bomba lilelile la petroli limepita upande wa kulia katika jarida moja na upande wa kushoto katika jingine, yote yakisifiwa kuwa ni ya asili.

Geuza vipimo kabla ya kushika spana

Ukisoma "Morris 8" au "Citroën 11", namba hiyo ni ya kodi. Waingereza walichukua kipenyo cha silinda kwa inchi, wakakizidisha kwa chenyewe, wakazidisha kwa idadi ya silinda, wakagawanya kwa 2.5. Morris Eight ina silinda nne zenye kipenyo cha milimita 57, yaani inchi 2.244. Piga hesabu, utapata 8. Nguvu yake halisi ni farasi 23 hivi. Citroën 11 nayo ilikuwa na farasi karibu 46. Hesabu hii ya kodi ndiyo iliyowafanya Waingereza wajenge silinda nyembamba na ndefu: pistoni ya Morris ina upana wa milimita 57 lakini inasafiri milimita 90. Injini ya namna hiyo inavuta vizuri ikienda polepole. Haikutengenezwa kwa kupigiwa kelele kwenye barabara ya Likasi.

Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni 3.785. Painti ya Uingereza ni lita 0.568, ya Marekani 0.473. Jarida likikuambia painti nane za oili, kwa Mwingereza ni lita 4.5, kwa Mmarekani ni 3.8. Tofauti hiyo inatosha kuua mhimili wa injini au kujaza moshi mtaa mzima. Juu ya kila karatasi ninayonakili naandika kwanza: M kwa Marekani, U kwa Uingereza, F kwa Ufaransa. Nafasi za valvu wanazitaja kwa sehemu za elfu za inchi, na kila moja ni milimita 0.0254, kwa hiyo sehemu kumi za namna hiyo ni milimita 0.25.

Sasa jambo ambalo hakuna jarida la Ulaya litakalokuandikia. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa Coventry au Paris inameza petroli nyingi mno kwa hewa inayoipata. Utaona plagi nyeusi zenye masizi makavu, na injini nzito, na utadhani ni umeme. Kwenye kabureta ya SU, kama ya Morris, zungusha nati iliyo chini ya jeti (kijitundu kinachopitisha petroli) ili jeti ipande, robo mzunguko kwa mara moja, injini ikiwa ya moto. Kwenye Solex na Zenith unabadilisha jikleri, yaani jeti, yenyewe. Namba iliyochongwa ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita: 110 ni milimita 1.10. Shuka hatua moja, endesha hadi Kipushi na kurudi, toa plagi, utazame. Rangi unayoitaka ni ya kahawa yenye maziwa. Ikiwa nyeupe umeshuka mno, rudi. Mwenye Ford A ana raha: karibu na dashibodi kuna fimbo ya kuzungusha inayorekebisha mchanganyiko huku anaendesha.

Hata ukipanga vizuri, karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye jaribio la barabarani hutaipata hapa. Gari si gonjwa.

Na maji huchemka kwetu kwenye nyuzi 96 hivi, badala ya 100. Magari mengi ya wakati ule hayana kifuniko cha radieta cha kushikilia presha, na Morris yangu haina hata pampu ya maji. Maji huzunguka yenyewe, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka. Jarida la Kiingereza likisema nyuzi 95 ni salama, kwako ni mlango wa jikoni. Hakikisha maji daima yako juu ya bomba la kuingilia radieta, la sivyo mzunguko unasimama. Mwezi wa kumi, joto linapobana kabla ya mvua, mimi siendeshi mchana.

Vumbi nalo. Magari mengi ya miaka hiyo yalitoka kiwandani bila chujio la hewa. Mhariri wa leo, anayeendesha kwenye lami iliyooshwa na mvua, atakukataza kuweka kitu kisicho cha asili. Kwa hili simfuati. Vumbi letu jekundu, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, linasaga pete za pistoni kama msasa. Weka chujio, hifadhi bomba la asili kwenye boksi lenye jina lake, na siku ya maonyesho urudishe.

Cha ajabu, matoleo ya miaka ya 1920 na 1930 yanatujua kuliko ya leo. Wakati ule petroli iliuzwa kwenye mikebe, na jarida lilimfundisha mwenye gari kuichuja kwa ngozi laini, inayozuia maji na takataka. Mimi nanunua kwa kadhafi, muuza petroli wa barabarani, kwenye bidoni, na ngozi hiyo ninayo. Kuendesha gari kwenye mchanga, kuunga springi iliyovunjika njiani, kuwasha kwa mkono bila kuvunjika kifundo: kwa Waingereza wa leo hiyo ni historia, kwangu ni kazi ya Jumamosi. Kabla ya kuzungusha mkono wa kuwashia, chelewesha cheche kama gari lina wenzo wake, na kidole gumba kilale upande mmoja na vidole vingine. Mkono ukirudi nyuma, gumba lililokumbatia chuma huvunjika.

Mahali ambapo jarida la zamani litakudhuru

Yapo mambo waliyoyaandika kwa nia njema bila kujua. Watakuambia upulize vumbi la breki kwa mdomo au kwa pampu. Usifanye. Viatu vya breki, klachi na gasketi za zamani vina asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki; madhara huja baada ya miaka mingi. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, tia kitambaa kwenye mfuko ufunge. Watakuambia uoshe mikono kwa petroli, au usafishe vipuri kwa dawa zenye klorini chumbani. Tumia sabuni na mafuta ya taa, nje, mbali na mbabula (jiko la makaa) ya mama.

Mfumo wa umeme pia usome mara mbili. Mengi ni volti 6, na baadhi, kama Ford A, yana nguzo chanya ya betri iliyofungwa kwenye chasisi. Fundi wa gari za kisasa ataunganisha kwa mazoea.

Kaye ya faharasa

Rundo la majarida lisilo na faharasa ndilo lililonigharimu bloku. Nunua kaye, yaani daftari, ya shule ya kurasa 200. Usipange kwa majina ya magari. Panga kwa viungo: thredi na bolti, kabureta, umeme, breki, springi, radieta, mbao za bodi, rangi. Kila ukisoma toleo, andika mstari mmoja: jina la jarida, tarehe, ukurasa, na maneno machache ya jambo lenyewe. Wangu wa kwanza unasema hivi: "Thredi. Morris hadi vita: metriki ya Kifaransa, nati ya Whitworth. Barua, uk. wa mwisho." Nilitumia wino mwekundu.

Mstari uwe wa jambo ulilolielewa. Kama hukulielewa, weka alama ya kuuliza pembeni na upite. Binti yangu, anayejua Kiingereza kunizidi, hupitia alama hizo jioni. Ni yeye aliyenionyesha kwamba neno moja nililolitafsiri "kaza" lilimaanisha "kaza kwa vidole tu".

Ukimaliza jambo kwenye gari, rudi kwenye mstari uandike matokeo. "Jeti imepanda robo tatu, plagi safi, Kipushi na kurudi, mwezi wa saba." Baada ya miaka michache, upande huo wa kaye utakuwa na thamani kuliko jarida, kwa sababu ni wa mita 1,200 na wa vumbi letu.

Mchwa, mvua na mkanda wa gundi

Vichuguu vyetu vya Katanga vinazidi kimo cha mtu, na wenye navyo wanapenda karatasi. Usiweke majarida sakafuni wala kwenye rafu ya mbao iliyogusa ukuta. Mimi natumia kantini ya chuma juu ya meza ya vyuma, kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu, na kati ya meza na ukuta nimeacha nafasi ya kiganja. Kila mwisho wa wiki napitisha tochi chini. Mchwa hujenga njia ya udongo kabla ya kufika. Ukiiona, bomoa na ufuate inakotoka.

Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita, fungua kila toleo kivulini lipate hewa. Jua kali lisiliguse. Karatasi ya kung'aa ikilowa, kurasa hugandana zikikauka, kwa hiyo zitenganishe zingali mbichi na uweke karatasi kavu katikati. Vibanio vilivyoota kutu vitoe taratibu, ushone kwa uzi wa pamba. Mkanda wa gundi usiutumie kabisa. Unageuka njano, unaacha doa, na siku ukiubandua unaondoka na maandishi.

Piga picha kurasa unazozitumia gereji, kwa simu, mwanga wa asubuhi ukitoka pembeni. Weka rula ya sentimita juu ya kila mchoro kabla ya kupiga, ili vipimo visipotee picha ikikuzwa. Hifadhi sehemu mbili. Karatasi yenyewe haifiki kwenye oili.

Kuyapata

Hapa sina mengi. Ulizia familia za wafanyakazi wa zamani wa migodi na reli kabla hawajafungia vitumbua. Waulize wauza vitabu vya mtumba mjini, ukitaja mwaka unaoutaka, maana wakisikia "la zamani" watakuletea la 1998. Ndugu aliye Brussels akija, karatasi kilo mbili kwenye sanduku ni ombi la haki. Kwa asiye na fedha, maktaba za Paris zimeweka La Vie Automobile na magazeti mengine ya wakati huo kwenye intaneti bure. Pakua usiku, mtandao ukiwa mwepesi, na uanze na mwaka wa gari lako pamoja na miaka miwili inayofuata, kwa sababu magonjwa ya gari jipya hujulikana baadaye. Klabu za gari moja, kama zile mbili za Ford A za Marekani zinazotoa The Restorer na Model A News, zina undani kuliko jarida la magari yote.

Kuazimisha: picha natoa kwa yeyote, hata usiku. Karatasi haitoki nyumbani. Anayetaka kuisoma anakuja, ananawa mikono, anakaa mezani, na akipata kitu anakiandika mwenyewe kwenye kaye, kwa jina lake na tarehe. Mwezi uliopita kijana mmoja kutoka Katuba alikuja kutafuta habari za springi za Chevrolet ya babu yake. Alikaa tangu saa tatu asubuhi, akala bukari (ugali) nasi mchana, akaondoka na mistari minne. Mmoja wao unahusu Morris yangu, ukurasa ambao sikuwahi kuuona.